Mtabiri Hakupigishwa Magoti

Haikuwa hivyo. Katika saluni inayotazamana na gereji bado inasimuliwa kwamba fundi aliyejulikana kwa jina la Mtabiri alipigishwa magoti na mkewe mbele ya kadamnasi, nyuma ya gari la shemeji yake, akaamriwa anuse moshi mpaka akiri kosa lake. Wanaosimulia leo wengi wao siku hiyo walikuwa bado wananyonya, lakini wanasimulia kana kwamba walikuwepo wakimshikia mwavuli. Wengine wameongeza chumvi, wanasema alilisujudia gari. Wengine wanasema alilogwa na mafundi wa ng'ambo ya barabara waliomwonea wivu. Wapo hata waliothubutu kusema alikuwa amelewa, mtu ambaye siku ya harusi yake mwenyewe aliomba soda, na soda yenyewe hakuimaliza.

Magoti alipiga. Hilo ni kweli na halina haja ya kufichwa. Lakini alipiga mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili zake timamu, na mkewe alikuwa amesimama kando kwa sababu aliombwa asimame pale.

Ni vizuri kwanza ijulikane alikuwa mtu wa namna gani. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kalamu na kola iliyopigwa pasi, na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Mwana alimaliza sekondari na alifaulu fizikia vizuri. Nafasi ya kukaa ofisini ilikuwepo. Aliikataa kwa sababu, kama alivyomweleza baba yake kwa heshima zote, faili halingurumi. Baba alinuna kwa muda mrefu, kisha gari la hakimu likazimika mbele ya mahakama, kijana akalisikiliza, akafungua boneti, akagusa waya mmoja, na gari likawaka. Kuanzia hapo karani alikuwa akiwaambia watu, bila kuulizwa, kwamba mwanawe ni mhandisi. Hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi, na jina hilo lilimtosha.

Gereji yake ilikuwa kati ya kiwanda kidogo cha mbao na mashine ya kusaga nafaka, kwa hiyo asubuhi sakafu ilikuwa na vumbi la mbao upande mmoja na unga upande mwingine, na katikati weusi wa oili. Paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, rafu ya spana zilizopangwa kwa ukubwa. Mwisho kabisa, nyuma, palikuwa na ukuta mweupe. Ukuta huo ndio uliompa jina.

Gari likiletwa, Mtabiri hakukimbilia boneti kama mafundi wengine. Aliagiza lirudishwe nyuma mpaka bomba la moshi lielekee ukutani. Yeye alisimama kando ya rundo la matairi, amekunja mikono kifuani, akamwambia mwenye gari, "Kanyaga." Moshi ulitoka, ukapanda mbele ya ule weupe, naye akautazama. "Achia." Akautazama tena. "Kanyaga." Kisha alitoa hukumu. Moshi mweupe usiokatika ni maji yanaingia mahali pasipo pake. Moshi mweusi ni petroli inayoliwa bila kuungua vizuri. Moshi wa buluu ni oili inaungua pamoja na petroli, na hapo alianza kuuliza maswali: unatoka gari likiwa baridi au likiwa limepata moto, likipanda mlima au likishuka. Akishajibiwa, alisema ubovu uko wapi, na mafundi wengine walipofungua waliukuta hapohapo. Ndivyo watu walivyoanza kumwita Mtabiri. Mkewe, mwalimu wa sekondari, hakulipenda jina hilo kwa sababu lilinuka uganga, lakini watu hawaombi ruhusa wanapompa mtu jina, na mwishowe lilipakwa hata kwenye lango la gereji.

Alikuwa na majivuno yake, na hilo pia lisemwe. Mafundi wanaonusa bomba aliwacheka. Alisema kunusa ni kazi ya mbwa wa polisi. Wanaochovya kidole kwenye bomba na kukisugua aliwaita wapishi. Yeye alikuwa msomaji, na kitabu chake kilikuwa ukutani.

Mwenzake katika gereji alikuwa fundi wa bodi, rafiki yake tangu ujana, aliyenyoosha mabati na kupaka magari rangi. Aliitwa Nyundo. Kwa kugonga mabati miaka yote hiyo masikio yake yalikuwa yamechoka, na kama ilivyo kwa watu wa namna hiyo, aliamini kwamba wengine wote nao hawasikii. Akikunong'oneza siri, mashine ya kusaga ilisimama kusikiliza. Saluni ya ng'ambo haikuhitaji redio wakati Nyundo yupo kazini.

Sasa lije gari lenyewe. Lilikuwa gari dogo jekundu, la dada mkubwa wa mkewe, aliyekuwa mkunga. Mtabiri ndiye aliyemchagulia alipolinunua, kwa hiyo kila lilipokohoa alilaumiwa yeye. Mkunga alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi usio na breki, na yeye na shemeji yake walitaniana tangu siku ya posa. Asubuhi moja alifika, akazima gari katikati ya mlango wa gereji na kusema, "Shemeji, mtoto uliyenichagulia amekuwa mlevi. Anakunywa oili."

Alieleza kwamba oili kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa ikishuka kila baada ya muda mfupi, anaongeza, inashuka tena. Hakuna tone linalodondoka. Alikuwa ametandika boksi la karatasi chini ya gari usiku kucha, na boksi liliamka kavu.

Mtabiri alisikiliza. Gari likarudishwa ukutani, mikono ikakunjwa, likakanyagwa. Moshi ulitoka wa kutosha. Aliutazama kwa makini, akamwambia aachie, akautazama tena. Ulikuwa mweupe.

"Maji," alisema.

Mkunga alishusha kioo. "Mimi nimekwambia oili, wewe unaniambia maji?"

"Wewe zalisha, shemeji. Mimi nisome moshi."

Alifungua kifuniko cha rejeta na kweli maji yalikuwa yamepungua kidogo, ingawa kifuniko chenyewe kilikuwa kimelegea na hilo lingetosha kuwa sababu. Lakini moshi ulikuwa umeshasema. Kichwa cha injini kikafunguliwa, gasketi inayozuia maji yasiingie ndani ikabadilishwa. Alipotoa plagi alikuta zina utando mweusi wa oili, mbichi, wa kuteleza. Plagi za gari linalokula maji hazina haki ya kuwa hivyo. Akatikisa kichwa, akajiambia shemeji yake amekuwa akijaza oili kupita alama kwa hofu, akazifuta kwa tambara na kuzirudisha. Sili za valvu, zile kofia ndogo za mpira zinazozuia oili isiteremke kwenye chumba cha moto, zilikuwa mbele ya pua yake. Hakuzigusa. Hazikuhusika na maji.

Gari likaondoka. Halikukaa sana, likarudi. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, hayajapungua hata kidogo. Oili ilikuwa imeshuka vilevile.

Hapo ndipo alipoanza kuchanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kulikuwa kitu kigeni kwake kiasi kwamba hakujua jinsi ya kukivaa. Alitafuta kila mahali. Aliingia shimoni na taa, akapapasa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akapapasa filta, akapitisha kidole kwenye kila kiungio, kidole kikatoka kikavu. Alichungulia rejeta kama kuna povu linalofanana na maziwa, dalili kwamba oili na maji vimekutana. Maji yalikuwa safi, ungeweza kunawa uso. Oili haiyeyuki kama sukari. Ikipungua imekwenda mahali, ama chini ama juu, na chini haikuwepo. Akalirudisha gari ukutani, akakanyagisha, akautazama moshi mpaka macho yakamtoka machozi. Mweupe.

Akakaa juu ya tairi. Aliyepita akamsalimu hakujibiwa, na huyo ndiye aliyepeleka habari ya kwanza kwamba Mtabiri amebadilika.

Baada ya kukuna kichwa sana alipata jibu, na jibu lilimfurahisha. Tatizo ni ukuta. Umepigwa na moshi wa magari miaka nenda miaka rudi, umekuwa wa manjano, na rangi haziwezi kusomeka juu ya manjano. Alimwomba Nyundo aupake upya, weupe mtupu, usiochanganywa na kitu. Nyundo, aliyekuwa hachezi na mambo ya rangi, aliukwangua, akaupiga sabuni, akaupaka mara mbili. Ulipokauka watu wa kiwanda cha mbao walikuja kuuangalia wakikunja nyuso kwa mng'ao.

Mtabiri alifika, akautazama, akamgeukia rafiki yake kwa huzuni. "Nilikuomba nyeupe. Umenipakia rangi ya siagi."

Nyundo alidhani hakusikia vizuri. Aliporudiwa, alileta kopo. Kopo lilikuwa limeandikwa nyeupe. Alileta kifuniko chake. Alileta karatasi kutoka kwenye mfuko wa shati, akaibandika ukutani, akauliza kama anaona tofauti. Mtabiri alikubali kwamba haoni tofauti. Karatasi nayo ilikuwa ya siagi, pengine ni ya zamani.

"Karatasi nimeinunua leo," Nyundo alisema, na mtaa mzima ukajua. "Nimepaka magari ya maharusi. Nimepaka gari la askofu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia sijui nyeupe. Kama hutaki kazi yangu sema, lakini usinitukane."

Wakanuniana. Watu wawili waliokula sahani moja kwa miaka yote hiyo wakawa wanapishana kama wapangaji. Nyundo aligonga mabati yake kwa hasira, na Mtabiri aliyatazama magari ya watu akajikuta haamini tena anachokiona, wala hajui kwa nini. Aliyekuja na moshi mweusi alimhudumia vizuri kama kawaida. Moshi mweusi haukuwa na ubishi. Lakini ghafla kila gari lililobaki lilikuwa na tatizo la maji. Hata mtu asiye fundi angejiuliza.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamepinda bila mtu kuyapa jina. Alilalamika kwamba balbu za siku hizi ni hafifu. Alimwaga chai nje ya kikombe akasema vikombe vimekuwa vidogo. Alisafisha vioo vya madirisha kwa gazeti, akavisafisha tena, akasema vumbi la mji huu halitoki. Mkewe alidhani ni uchovu. Yeye alidhani ni dunia. Ilikuwa kana kwamba mtu amepita kila mahali akapaka kila kitu mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika.

Asubuhi moja mkewe alimwekea ovaroli safi juu ya kiti. Aliinyanyua, akaigeuza, akairudisha. Akauliza kwa upole ile ovaroli ya kijivu ni ya nani.

Mwalimu alikuwa akitafuta chaki ndani ya mkoba wake. Alimjibu bila kuinua kichwa kwamba ni yake, ile ya buluu, ya siku zote, ina kiraka gotini alichoshona yeye mwenyewe. Mtabiri aliangalia gotini. Kiraka kilikuwepo. Alitoka nayo mpaka uani, akaishika juani kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, mpaka jirani akamuuliza kama anaiuza. Kisha alirudi ndani, akaivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Ingekuwa siku nyingine angebisha, maana alipenda kubisha. Mkewe aliona kwamba hakubisha, na hilo lilimkaa moyoni siku nzima darasani.

Mtabiri, njiani kwenda kazini, alitazama juu. Alikumbuka mbingu kuwa na rangi. Alijaribu kukumbuka lini aliiona mara ya mwisho, na hakuweza kukumbuka, kwa sababu hakuna anayeweka alama ya kitu kama hicho.

Katika hali hiyo mkunga akalileta gari tena. Safari hii hakuja na utani. Alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, juu ya mlima, ambako hakuna gari jingine, na mama atakayeshikwa na uchungu mbaya atategemea hilohilo jekundu kumteremsha hospitali. Kesho yake asubuhi alitakiwa kuondoka. Alisimama mbele ya shemeji yake na kumwuliza jambo moja tu.

"Sitaki kujua moshi unasemaje. Niambie kama litanifikisha na kunirudisha, ndiyo au hapana."

Mtabiri alimwomba aliache gari lilale pale, atamjibu asubuhi.

Uzito wa jibu hilo aliujua vizuri kuliko yeyote. Akisema ndiyo, na oili ikaendelea kupotea, injini ingekauka na kukwama kwenye mteremko, na nyuma ya gari angekuwepo mwanamke anayejifungua. Akisema hapana, angeulizwa ubovu ni nini, na jibu pekee alilokuwa nalo lilikuwa maji, ambalo hata yeye hakuliamini tena. Akisema sijui, basi hakuna Mtabiri. Angebaki mzee mmoja mwenye ukuta. Na chini ya yote hayo kulikuwa na ovaroli, ambayo alikuwa ameivaa kutwa nzima bila kuitazama.

Jioni hakula vizuri. Alimwuliza mkewe kama kesho anaweza kupitia gereji kabla ya kwenda shuleni. Mkewe alitaka kujua kuna nini. Alisema hakuna kitu, apitie tu. Mwalimu alikuwa na zamu ya lango na hakupenda kuchelewa, lakini katika ndoa yao mume huyu alikuwa hajawahi kumwomba afike gerejini, hata siku moja. Akakubali.

Asubuhi walifika pamoja. Mkunga alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mizigo imejaa kiti cha nyuma. Bomba lilikuwa limeelekezwa ukutani. Ng'ambo, wanawake wa saluni walikuwa wakiinua milango ya bati na kufagia. Mtabiri alisimama kando ya matairi, akakunja mikono kifuani kama siku zote, na akamvuta mkewe asimame bega kwa bega naye. Mwalimu alikuwa amevaa nguo zake za kazi, mkoba mkononi, na saa akiiangalia.

"Washa," alisema Mtabiri.

Injini iliyolala usiku kucha iliguna, ikawaka, na wingu zima likatoka kwa mpigo mmoja likapanda ukutani. Akalitazama. Kwake lilikuwa weupe juu ya siagi, basi. Akainamisha kichwa karibu na sikio la mkewe na kusema kwa sauti ndogo, "Mwalimu. Ni rangi gani?"

Mkewe alimtazama yeye kwanza, akidhani anamtania. Hakuwa anatania. Alitazama moshi.

"Buluu."

"Buluu ya namna gani?"

"Kama ovaroli yako."

Mikono ya Mtabiri ikashuka kutoka kifuani. Watu wanadhani mtu akipatwa na jambo zito hulia au hupiga kelele. Huyu alitoa kitambaa cheupe alichokuwa nacho mfukoni, akakikunjua vizuri, akatembea mpaka nyuma ya gari na akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Neno la mkewe lilitosha kumwambia kilichompata yeye. Halikutosha kwa gari. Mkewe alikuwa mwalimu wa jiografia, hakuwa fundi. Kama macho hayasemi kweli, alihitaji kitu kingine cha kwake mwenyewe, na vitu vilivyobaki vilikuwa pua na vidole, vile alivyovicheka miaka yote.

Akanusa. Alinusa kwa muda mrefu, uso karibu na bomba, mpaka akakohoa. Haikuwa harufu ya mvuke. Ilikuwa harufu ya kikaango kilichosahauliwa jikoni, na kitu kama nywele zilizoungua. Akaweka kitambaa mbele ya bomba, akamwambia shemeji akanyage, akakiondoa na kukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kiliteleza.

Wakati huohuo Nyundo akaingia kazini. Alikuwa bado amenuna na hakuwa amepanga kusema kitu, lakini alichokiona kilikuwa kitamu mno kwa mtu wa utani. Rafiki yake yuko magotini. Nyuma yake amesimama mwalimu mwenye mkoba, uso mkavu, kama vile amesimama mbele ya darasa. Nyundo akasahau ugomvi wote, akasema kwa ile sauti yake:

"Mwalimu, leo umempigisha magoti kama mwanafunzi. Amekosa hesabu gani?"

Ufagio wa saluni ukasimama. Hapo ndipo hadithi yote ilipozaliwa. Hakuna kingine. Mzaha wa mtu asiyesikia vizuri, uliosikiwa vizuri mno na wasiohusika.

Mtabiri aliinuka, akapangusa magoti, akaenda kwenye dirisha la gari. "Ni oili, shemeji. Sili za valvu zimechoka. Gari likilala, oili inachuruzika ndani polepole, ukiwasha inaungua yote kwa mara moja. Na kwenye mteremko itakuwa hivyohivyo, mbaya zaidi. Leo haliendi popote."

"Uliniambia maji."

"Nilikosea."

Mkunga akazima injini. Alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye mdomo huo. Mtabiri akamgeukia Nyundo, akamwambia kwamba ukuta ni mweupe, alikuwa sahihi, na kwamba yeye haoni buluu.

"Nini?" Nyundo aliuliza, mkono sikioni.

"Sioni buluu."

"Huoni nini?"

Ikambidi alipaze. Yule mtu mwenye siri kubwa kuliko zote za maisha yake ikambidi aipige kwa sauti ya kuvuka barabara, mbele ya gereji iliyokuwa wazi, mara ya tatu, kwamba haoni buluu, macho yake yameacha kuona buluu. Nyundo aliposikia alishusha mkono. Alikwenda akaichukua ile karatasi iliyokuwa bado imebandikwa ukutani, akaikunja na kuitia mfukoni, taratibu, kama mtu anayeondoa ushahidi.

Saluni ilisikia hayo pia. Haikosi kusikia. Lakini habari ya mtu asiyeona rangi haina utamu, na habari ya mke aliyempigisha mumewe magoti inatosha kusukia nywele za mtaa mzima. Wakashika ya magoti, ya rangi wakaiacha chini pamoja na takataka walizokuwa wakifagia.

Mkunga alishuka, akamwambia shemeji yake ainame. Akamfungua kope kwa kidole gumba, jicho moja kisha la pili, akamgeuza kwenye mwanga bila huruma, kama afanyavyo na vichanga. "Na wewe siku zote unafuta madirisha," alisema. Kisha akaagiza, na dada huyo hakuwa mtu wa kukataliwa, kwamba aende kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Mkunga mwenyewe alipelekwa kituoni kwa pikapu ya Nyundo, amekaa mbele, akimfokea Nyundo njia nzima juu ya masikio yake.

Gari lilifunguliwa siku hiyohiyo. Sili zilikuwa ngumu na zimepasuka, zilimeguka mkononi. Mpya zilipowekwa na injini ikaachwa ilale, Mtabiri alilirudisha gari ukutani, lakini hakusimama kando ya matairi. Alisimama Nyundo, amekunja mikono, amejaa umuhimu hadi kooni, na kila moshi ulipotoka alitangaza. "Hakuna kitu. Narudia, hakuna kitu." Mtabiri alikuwa amechutama kwenye bomba na kitambaa chake. Mkunga alipolichukua gari alipima oili kila alipopata nafasi, nayo ilibaki palepale kwenye alama. Mama wa kwanza kuteremshwa mlimani alifika hospitali salama. Gari halikuzimika.

Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye adabu. Alieleza kwamba kioo kilichomo ndani ya jicho kinaweza kupata ukungu na kugeuka manjano taratibu, mwaka hata mwaka, na kwamba manjano hayo huila buluu kabla ya rangi nyingine, mtu asijue, kwa sababu anadhani dunia ndiyo iliyochakaa. Jina lake ni mtoto wa jicho. Alikuwa naye kwenye macho yote mawili. Mtabiri alimshukuru, akauliza maswali ya kifundi kuhusu hicho kioo, hutolewaje, hurudishwaje, kina sili au hakina, mpaka kijana akacheka.

Walitoka nje, yeye na mkewe, wakasimama kwenye ngazi za hospitali. Kulikuwa na jua. Alikuwa amevaa shati lake zuri na alikuwa ameshika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Mwalimu, tumepata mtoto uzeeni. Tena mapacha."

Wanaotaka kujua kama alifanyiwa upasuaji, kama aliiona tena ile ovaroli kwa rangi yake, na kwa nini jina la Mtabiri lilifutwa kwenye lango la gereji, wamekuwa wakiuliza kwa muda mrefu na wataendelea kuuliza. Kuhusu magoti, wameshajibiwa. Alichojibu mkewe pale kwenye ngazi, na yote yaliyofuata, ni ya nyumba ile. Hayatasemwa hapa wala mahali pengine.